Dhahabu ya Jangwani: Mgodi wa Sukari

Watu wengi wa Misri wanaishi kando ya mto Nile, kwa sababu nje ya bonde la mto huo ni jangwa. Ukitoka Nile kwenda mashariki utapita milima ya mawe matupu, isiyo na miti wala majani, mpaka ufike Bahari ya Shamu. Huko miaka inaweza kupita mvua isinyeshe. Ndani ya jangwa hilo, si mbali na mji mdogo wa pwani uitwao Marsa Alam, kuna mlima unaoitwa Sukari. Ndiyo, Sukari. Neno letu hili tulilipata kwa Waarabu, kwa hiyo jina la mlima huo halitupi taabu kulitamka. Lakini mlimani hapo hapana miwa. Kuna dhahabu.

Katika somo hili tutaona jinsi dhahabu hiyo ilivyoingia katika mwamba, na jinsi inavyotolewa. Kisha tutauliza nani anapata nini. Swali hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote.

Mwamba uliopasuka

Ardhi tunayoikanyaga husogea polepole mno, sentimeta chache tu kwa mwaka. Zaidi ya miaka milioni 600 iliyopita vipande vikubwa vya ardhi vilisogeleana. Bahari iliyokuwa katikati ikafungwa, na vipande hivyo vikagongana. Mgongano huo ulikunja miamba kuanzia Misri na Arabuni hadi Msumbiji. Miamba ya milima ya Upare, Usambara na Uluguru ilipikwa na kukunjwa wakati huo. Hivyo mkulima wa Lushoto na mvuvi wa Marsa Alam wanakanyaga mawe ya ukoo mmoja.

Pale Sukari, mawe yaliyoyeyuka yalipanda kutoka chini, yakapoa na kuwa graniti, yaani jiwe gumu lenye chembe kubwa. Pembeni yake kulikuwa na mawe mengine yaliyo laini zaidi. Ardhi ilipobanwa tena, mawe laini yalijikunja, lakini graniti ilipasuka. Mfikirie mfinyanzi. Udongo mbichi ukiubana unajikunja. Chungu kilichokwisha kuchomwa ukikibana kinapasuka.

Maji ya moto sana, yaliyobeba dhahabu kidogo kidogo, yakapanda katika nyufa za graniti. Yalipopoa yaliacha humo jiwe jeupe liitwalo kwatzi, pamoja na dhahabu. Yaliacha pia jiwe la manjano linalong'aa, ambalo ni chuma na salfa. Jiwe hilo limewadanganya wengi. Ukiligonga kwa nyundo linavunjika vipande. Dhahabu haivunjiki, inabonyea tu.

Wachimbaji wa kale

Wamisri wa kale walizijua nyufa hizo nyeupe na walizifuata kwa patasi. Katika mji wa Turin, Italia, imehifadhiwa ramani waliyoichora kwenye mafunjo miaka zaidi ya 3,100 iliyopita. Inaonyesha sehemu nyingine ya jangwa hilo hilo, na milima yenye dhahabu imepakwa rangi yake. Ni moja ya ramani za zamani sana duniani zinazoonyesha aina za mawe.

Ramani haisemi habari za waliofanya kazi. Hizo ziliandikwa baadaye na Mgiriki mmoja, Agatharchides, katika karne ya 2 kabla ya Kristo. Alieleza machimbo ya dhahabu ya mpakani mwa Misri na Nubia. Wachimbaji walikuwa wafungwa na mateka wa vita, wengine wamefungwa pamoja na jamaa zao. Mwamba uliwashiwa moto ili ulegee. Watoto waliingia mashimoni kuokota vipande vilivyovunjwa. Wanawake na wazee walisaga mawe kwa vinu vya mkono, kama tunavyosaga nafaka. Mawe ya kusagia ya watu wa kale yameonekana mahali pengi katika jangwa hilo. Tunapoona picha za mapambo ya wafalme wa Misri, tuyakumbuke na mawe hayo.

Punje tatu katika magunia kumi

Kwa nini basi hawakuimaliza? Walichukua ile iliyokuwa nyingi katika nyufa kubwa. Iliyobaki imetawanyika katika mlima mzima, nayo ni kidogo mno. Katika shimo la wazi la Sukari, tani moja ya mawe ina dhahabu kama gramu moja.

Tufanye hesabu. Tani moja ni magunia kumi ya kilo mia moja. Gramu moja ni uzito wa punje tatu hivi za mahindi. Basi ni sawa na kutafuta punje tatu zilizosagwa na kuchanganywa katika magunia kumi ya mchanga. Kwa vinu vya mkono kazi hiyo hailipi, hata ukitumia watumwa. Mgodi wa sasa unasaga mawe kiasi cha tani milioni 12 kwa mwaka. Njia za chini ya ardhi, ambako mawe yana dhahabu zaidi, huongeza fungu lake. Mwaka 2016 ulitoa wakia zaidi ya 550,000, karibu tani 17 za dhahabu.

Mawe hupasuliwa kwa baruti, hubebwa na malori makubwa, kisha husagwa ndani ya mapipa yanayozunguka yenye mipira ya chuma, mpaka yanakuwa unga. Unga huo huchanganywa na maji na dawa iitwayo sayanaidi, ambayo huyeyusha dhahabu. Mkaa huinyonya dhahabu hiyo kutoka katika maji, na mwisho hutiwa katika tanuri. Sayanaidi ni sumu kali. Kidogo tu kinaua mtu au ng'ombe. Ndiyo maana tope linalobaki, liitwalo topesumu, lazima lihifadhiwe katika bwawa lisilovuja.

Na maji katika jangwa yanatoka wapi? Yanatoka baharini. Bomba la zaidi ya kilometa 20 huleta maji ya chumvi toka Bahari ya Shamu, nayo hutumika kiwandani. Ya kunywa huondolewa chumvi kwanza. Kwa maoni yangu, bomba hili ni muhimu kama dhahabu yenyewe. Bila hilo mlima ungebaki mlima.

Mkataba na mafungu

Mwaka 1994 Serikali ya Misri ilifanya mkataba na kampuni ya Pharaoh Gold Mines, ukapitishwa kuwa sheria. Kampuni hiyo baadaye ikawa mali ya Centamin, kampuni iliyoanzia Australia. Kiongozi wake alikuwa Sami El-Raghy, mtaalamu wa miamba aliyezaliwa Misri. Zilifuata kazi za kutoboa na kupima mwamba, na ugomvi mrefu na wakuu wa madini juu ya masharti. Hati ya kuchimba ilitolewa mwaka 2005. Dhahabu ya kwanza ilimiminwa Juni 2009. Tangu mkataba hadi dhahabu ilipita miaka 15.

Sasa someni sehemu hii polepole. Serikali ilipata mrabaha wa asilimia 3 tangu mwanzo. Lakini faida haikugawanywa mpaka kampuni irudishe kwanza gharama zake za kujenga na kuendesha mgodi. Hivyo mgawo wa faida ulianza mwaka 2016. Miaka miwili ya kwanza kampuni ilichukua asilimia 60 na Serikali 40. Miwili iliyofuata ikawa 55 kwa 45, kisha nusu kwa nusu. Mwenye kusoma "nusu kwa nusu" peke yake, bila kuuliza "kuanzia lini, na baada ya kutoa nini?", hajausoma mkataba.

Wananchi wa Misri nao waliuliza. Oktoba 2012 mahakama ya Kairo ilitoa hukumu dhidi ya hati ya kuchimba, katika kesi iliyofunguliwa na mtu aliyekuwa mbunge. Kampuni ilikata rufaa, na kazi ikaendelea mgodini. Wengine walisema kesi kama hizo zinafukuza wenye mitaji. Mimi naona mwananchi anayeuliza habari za mali ya nchi yake hajakosa adabu.

Novemba 2024 Centamin ilinunuliwa na AngloGold Ashanti, kampuni ile ile yenye mgodi wa Geita, Tanzania. Mwamba wa Geita una umri karibu mara nne ya ule wa Sukari, na maji yake hayatoki baharini bali Ziwa Viktoria.