Kodi ya Miezi Sita: Mpangaji Mwenye Deni Anapomkopesha Mwenye Nyumba

Ukimuuliza dalali wa Sinza au Tabata, Dar es Salaam, bei ya nyumba, atakutajia kodi ya mwezi. Tuseme laki tatu, kwa vyumba viwili, sebule na jiko ndani ya uzio. Bei hiyo ni ya mdomoni tu. Funguo hutolewa kwa kodi ya miezi sita, yaani 1,800,000, na juu yake malipo ya dalali mwenyewe, ambayo kwa desturi ni kodi ya mwezi mmoja. Hapo pameshatoka 2,100,000 na kirikuu ya kubebea vitanda haijakodiwa. Hela ya kuonyeshwa nyumba, ambayo hulipwa hata kwa zile zilizokataliwa, haimo humo.

Familia nyingi hutoka kwenye chumba na sebule kwa sababu watoto wamekua, na si kwa sababu madeni yamekwisha. Anayelipa 150,000 leo anaweza kujibana akaimudu 300,000. Kinachomwelemea ni kulipa kwa mkupuo.

Wenye bahati huusubiri mzunguko wa kikoba uvunjwe, au zamu yao ya mchezo. Mtumishi wa umma hukimbilia benki, ambako hukutana na kanuni ya theluthi moja: makato yote yakitoka, ni lazima abaki na walau theluthi ya mshahara. Akiwa ameshafika hapo, njia inayobaki ni benki nyingine kulinunua deni lake, kurefusha muda wa marejesho na kumpa mkononi tofauti iliyobaki. Marejesho hayo mara nyingi huenda miaka saba. Nyumba ataihama mapema, na kodi ya ile miezi sita ataendelea kuilipa.

Asiye na hati ya mshahara huenda kwa kampuni za mikopo midogo, zile zilizo daraja la pili chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018. Riba yao imewekewa kikomo cha asilimia 3.5 kwa mwezi. Inasikika ndogo. Akikopa 2,100,000 kwa miezi sita, na riba ikahesabiwa juu ya mkopo wote hadi mwisho, atalipa riba ya 441,000, na rejesho la kila mwezi litakuwa 423,500. Nyumba ya laki tatu imeshapita laki nne, na rejesho la mwisho linakutana mlangoni na kodi ya miezi sita mingine. Nimechukua mkopeshaji anayefuata sheria. Wa kausha damu hesabu yake haihitaji kikokotoo, na wale wa kwenye simu ndio waliosababisha Benki Kuu, Novemba 2024, kutangaza orodha ya programu 69 zinazokopesha bila leseni.

Ni rahisi kumlaumu mwenye nyumba, na mara nyingi anastahili. Lakini tuangalie fedha hiyo inakokwenda. Wengi wa wenye nyumba jijini hujenga kidogo kidogo, kwa sababu mikopo ya nyumba ya benki imebaki ya wachache, hata baada ya taasisi ya TMRC kuanzishwa mwaka 2010 ili kuziwezesha benki kukopesha kwa muda mrefu. Kwao, kodi ya mkupuo ndiyo nondo na bati za nyumba ya pili. Kwa lugha ya biashara, mpangaji anamkopesha mwenye nyumba bila riba, kwa fedha ambayo yeye mwenyewe ameikopa kwa riba. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo mkataba umekuwa wa maelewano kati ya asiye na haraka na mwenye mizigo.

Nairobi mpangaji wa kawaida huingia kwa kodi ya mwezi na amana ya mwezi mmoja. Ana shida zake, lakini kuhama hakumlazimu kutafuta fedha ya nusu mwaka.

Ukubwa wa nyumba nao una ankara zake. Taa na feni zimeongezeka, Luku inakwisha mapema, na kodi ya jengo, 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida tangu Julai 2023, inakatwa humo humo kwenye umeme. Deni ni la mwenye jengo. Anayenunua umeme ni mpangaji, na wachache hukumbuka kumdai mwenye jengo fedha hiyo. Nyumba kubwa za bei nafuu pia ziko mbali, Goba, Madale, Kivule, Chanika, na huko huongezeka daladala ya pili, kwenda na kurudi, kwa kila anayefanya kazi mjini.

Hata hivyo, pembezoni huko ndiko mwenye deni anakoweza kujadiliana. Nyumba mpya isiyo na mtu haijilindi yenyewe, na mwenye nyumba aliyekaa nayo tupu kwa muda hupokea miezi mitatu, mara nyingine hata mmoja mmoja, kwa mpangaji anayeonekana mtulivu. Dalali hatakwambia hilo. Chake ni kodi ya mwezi mmoja kwa vyovyote vile, na mteja wake bora ni yule anayefika na miezi sita mfukoni kabla ya jioni. Hilo la miezi mitatu muulize mwenye nyumba mwenyewe, dalali akiwa pembeni.