Walimu wa Chuo Kikuu Hawapatikani kwa Tangazo Peke Yake



Katika mji wa Arua, kaskazini-magharibi ya Uganda, mna mtaa uitwao Oli, ambako Kiswahili husikika sokoni na vibarazani. Zamani kijana wa mtaa huo aliyetaka shahada ya kompyuta katika chuo kikuu cha serikali ilimbidi asafiri mbali, kama vile Kampala, mwendo wa kilomita zipatazo 500. Tangu mwaka 2013 anacho Chuo Kikuu cha Muni karibu na kwao, chuo kilichoanza na masomo ya kompyuta na mifumo ya habari. Majengo huweza kusimama kwa miaka michache. Je, walimu watatoka wapi?

Swali hilo si dogo. Sayansi ya habari ni elimu ya kukusanya maarifa, kuyapanga, kuyahifadhi na kumfikishia anayeyahitaji kwa wakati wake. Humo mna ukutubi, utunzaji wa nyaraka na matumizi ya kompyuta. Mwalimu wake hana budi kuwa na shahada iliyo juu ya ile anayoifundisha. Lakini mtu wa namna hiyo hutafutwa pia na mabenki, makampuni ya simu na mashirika ya kimataifa, ambayo aghalabu humlipa zaidi. Tena kwa miaka mingi West Nile haikuunganishwa na gridi ya umeme ya taifa. Na kompyuta bila umeme ni sanduku tu.

Watu wa West Nile wanaijua hasara ya kukosa kumbukumbu. Baada ya utawala wa Idi Amin kuangushwa mwaka 1979, maelfu yao walikimbilia Sudan na Zaire. Mtu akimbiaye usiku hubeba mtoto. Hati ya shamba na cheti cha shule huviacha nyuma. Leo mkoa huo nao umewapokea wakimbizi wa Sudan ya Kusini katika makazi ya Rhino Camp na Imvepi. Basi nani atafundisha vijana kuzitunza habari za watu hao wote, kama si mwalimu aliye tayari kuishi miongoni mwao?

Historia inatuonya kwamba kumpata mwalimu ni kazi moja, na kumweka ni kazi nyingine. Mwaka 1963 ilianzishwa huko Makerere Shule ya Ukutubi ya Afrika ya Mashariki, kwa msaada wa UNESCO. Miaka kumi haikutimia, hali ya nchi ikageuka. Mwaka 1972 Makamu Mkuu wa Makerere, Frank Kalimuzo, alikamatwa, wala hakuonekana tena. Wahadhiri wengi, wageni kwa wenyeji, waliihama nchi katika miaka hiyo. Mwalimu hukaa penye usalama na heshima.

Nini basi kifanyike? Kwanza, vijana hodari wa mkoa wenye shahada ya kwanza waajiriwe kuwa wahadhiri wasaidizi, wapelekwe masomoni, nao waweke ahadi ya kurudi. Pili, mabingwa wa Makerere, na wa Chuo Kikuu cha Moi cha Kenya, ambako masomo ya sayansi ya habari yalianza mwaka 1988, waalikwe kwa muhula mmoja mmoja ili wawaongoze vijana hao. Tatu, mshahara ulipwe kwa wakati, na mwalimu apate nyumba, umeme na nafasi ya utafiti. Akikosa hayo, atarudi alikotoka.

Mfano mwema upo. Profesa Christine Dranzoa, Makamu Mkuu wa kwanza wa Muni, aliyefariki mwaka 2022, alikuwa mwenyeji wa West Nile. Alifanya kazi Makerere, kisha akarudi kwao kukijenga chuo hicho.

Wahenga walisema, mtegemea cha nduguye hufa maskini. Tangazo la kazi gazetini ni la lazima, lakini halizai profesa. Profesa huchukua miaka mingi kulelewa. Yule atakayefundisha sayansi ya habari huko Arua miaka ishirini ijayo, huenda leo yumo katika darasa la msingi pale Oli. Tuanze kumwandaa sasa.