Utangulizi wa Elimu ya Gari Lililonyanyuliwa

Anayenunua gari la porini la mtumba, iwe Land Cruiser, Prado, Hilux au Defender, mara nyingi hununua pia kazi ya fundi asiyemfahamu. Mwenye gari wa kwanza alikuwa na sababu zake: labda alivuta trela, labda alipenda tu kuonekana. Ameshauza, ameondoka na risiti zake, na wewe umebaki na gari refu ambalo dalali analisifu kwa neno moja: limenyanyuliwa. Limenyanyuliwa vipi, kwa kiasi gani, na libebe mzigo gani? Maswali hayo matatu ndiyo mlango wa elimu hii. Karibu ndani, na viatu usivue, maana humu kuna matope na grisi.

Fani yenyewe ina misingi ya zamani. Robert Hooke alichapisha kanuni ya springi mwaka 1678: nguvu na mnyumbuko huenda pamoja. Katika miaka ya 1930 Maurice Olley, mhandisi Mwingereza aliyetoka Rolls-Royce akaenda General Motors, alichunguza kwa nini gari huyumba mbele na nyuma baada ya kupita tuta. Vitabu vikubwa vilivyofuata, kama kile cha Thomas Gillespie cha 1992 na cha Milliken wawili cha 1995, vilifikiria zaidi gari la lami na la mashindano. Aliyeongeza springi na kuondoka zake hajadiliwi sana humo. Ujuzi wake umeenea kwa watengenezaji wa Australia, kwa wasafiri wa jangwani, na kwa mafundi wa Arusha wanaorefusha Land Cruiser ili watalii wasimame chini ya paa linalofunguka. Kwa hiyo mwanafunzi wa fani hii husoma mlinganyo asubuhi, mchana akalala chini ya gari.

Kwanza tuondoe dhana moja. Kwenye gari lenye ekseli nzima, springi ndefu hainyanyui difu hata kidogo. Ekseli imekaa juu ya magurudumu. Kinachopanda ni chesisi na bodi. Jiwe lililogonga difu jana litaigonga na kesho, mpaka uweke tairi kubwa zaidi. Ulichopata ni nafasi ya kuweka tairi hilo, pembe nzuri zaidi ya kukabili kilima, na safari ndefu ya springi ikiwa shokapu inaruhusu. Kwenye magari ambayo magurudumu ya mbele yanajitegemea, kama Prado kuanzia ile ya 90, difu ya mbele imefungwa kwenye chesisi, hivyo inapanda nayo. Lakini hapo sivi jointi ndizo zinazolipa gharama, kwa kuzunguka zikiwa zimepinda kuliko zilivyokusudiwa.

Njia za kunyanyua ni chache kuliko sifa zake. Kuna kunyanyua bodi peke yake, kwa vipande vya plastiki ngumu au alumini kati ya bodi na chesisi. Utaitambua kwa pengo lisilo la kawaida juu ya bampa, na springi zikiwa zile zile za kiwandani. Kwenye springi za bapa, zile za vyuma vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, watu huongeza bapa, hurefusha shakeli, au huweka kipande cha chuma kati ya springi na ekseli. Shakeli iliyorefushwa kwa inchi mbili hupandisha gari inchi moja tu, kwa kuwa ncha ya pili ya springi haijaenda popote. Kipande cha chuma juu ya ekseli ya mbele nakisema waziwazi: kitoe. Kwenye Hilux za kabla ya Vigo zenye magurudumu ya mbele yanayojitegemea, springi ni toshenibaa, fimbo inayojisokota, na fundi mwenye haraka hukaza bolti yake mpaka gari lipande. Njia hiyo haigharimu kitu, na ndiyo maana hupendwa. Lakini gurudumu halina tena pa kushukia likikuta shimo. Kwenye Prado, ujanja wa bei rahisi ni kofia ya alumini juu ya springi ya mbele. Springi hiyo imekaa upande wa ndani wa gurudumu, kwenye mkono wa chini, hivyo sentimita moja ya kofia hupandisha gari zaidi ya sentimita moja. Usishangae ukikuta kipande chembamba na gari refu.

Sasa tulale chini ya gari moja. Nachagua Land Cruiser 80, iliyoanza kutoka mwaka 1990, kwa sababu ina ekseli nzima mbele na nyuma na springi za koili pembe zote nne. Kila kitu kinaonekana. Kabla ya kuingia chini, pima kutoka katikati ya kitovu cha gurudumu hadi ukingo wa tao la bodi juu yake, kona zote nne. Usipime kutoka ardhini, maana hapo unapima pia tairi na upepo wake. Andika na kiasi cha mafuta kilichomo tangini. Ukipata 80 nyingine ambayo haijaguswa, ipime vivyo hivyo, na tofauti ndiyo jibu la kwanza.

Chukua kitambaa chenye mafuta ya taa, ufute matope kwenye koili. Watengenezaji wenye heshima zao huacha namba: imepigwa mhuri kwenye chuma, imechapwa kwa wino, au imo kwenye stika iliyochakaa upande wa juu ambako matope hayafiki. Old Man Emu, Dobinsons na Ironman, zote za Australia, hutambuliwa kwa namba hizo, na namba moja hukwambia urefu na mzigo uliokusudiwa. Rangi peke yake isikudanganye. Kwa upande wa shokapu, Bilstein ya Ujerumani inajulikana kwa njano na Koni ya Uholanzi kwa nyekundu, lakini rangi ya kopo inauzwa kwa yeyote.

Kama namba imefutika, springi yenyewe itasema. Kwangua rangi na kutu mpaka uone chuma, kisha pima unene wa waya kwa kalipa, upana wa mzunguko, na uhesabu mizunguko inayofanya kazi, ukiacha ile iliyolala kwenye vikalio. Ugumu wa koili hukua kwa kipeo cha nne cha unene wa waya, na hupungua kwa kipeo cha tatu cha upana wake na kwa idadi ya mizunguko. Maana yake ni kwamba waya wa milimita 15 badala ya 14, vingine vyote vikiwa sawa, huifanya springi iwe ngumu zaidi kwa takriban asilimia 32. Ndiyo sababu nimesema kwangua rangi: milimita moja ya uvivu inakupotosha kwa karibu theluthi.

Ugumu huo una maana gani kwa mnunuzi? Hapa ndipo fani yote ilipojikita, na ndipo wengi wanapopotea. Chukua springi mbili za nyuma, kila moja ya nyutoni 40 kwa milimita. Mzigo wa kilo 400 uliowekwa juu ya ekseli hiyo utazibonyeza kwa karibu milimita 49. Sasa, kama mtengenezaji alizitunga ili gari liwe juu kwa milimita 50 likiwa na mzigo huo, siku mzigo ukiondoka gari litakuwa juu kwa karibu milimita 100. Dalali atakwambia hiyo ni inchi nne za kunyanyua. Hapana, ni inchi mbili na mzigo uliopotea. Gari la utalii lililostaafu, lenye springi zilizochaguliwa kwa viti saba, friji, mizigo ya wageni na tairi mbili za akiba, likifika kwa mtu anayekwenda ofisini peke yake mjini, litamrusha kwenye kila tuta ingawa halina ubovu wowote. Ni gari zima linaloungojea mzigo wake.

Upande wa mbele una mkasa wake. Bampa la chuma na winchi huuzwa kando, springi za kuzibeba zikabaki. Pua ya gari husimama juu, na kwenye lami gari hutikisa kichwa. Olley alilieleza jambo hili kwa lugha ya masafa: kwa kuwa gurudumu la mbele hupiga tuta kwanza, sehemu ya nyuma inatakiwa itikisike kwa kasi kubwa kidogo kuliko ya mbele ili iifikie na mtikisiko utulie. Weka springi ngumu mbele bila uzito wake, na mpangilio huo unageuka kinyume. Kwa hiyo ukiona pua juu, kabla ya kulaumu springi, uliza nini kilifunguliwa hapo mbele.

Shokapu ni sura nyingine, na ningependa mgeni akae nayo muda mrefu zaidi. Kazi yake si kubeba gari bali kuila nguvu ya mtikisiko na kuigeuza joto. Barabara ya kutoka Naabi hadi Seronera, iliyojikunja kama bati la paa, ni maabara yake. Tuseme mikunjo imeachana kwa sentimita 70. Kwa kilomita 30 kwa saa, gurudumu linapigwa takriban mara 12 kwa sekunde, na huko ndiko ekseli na tairi hupenda kuruka zenyewe. Gari linatetemeka mpaka meno. Kwa kilomita 80 mapigo yanafika kama 32, ekseli haiwahi tena kuyafuata yote, na abiria anahisi barabara imekuwa nzuri. Shokapu inajua ukweli. Mafuta yake yanapata moto, yanatoka povu, na baada ya muda mrefu wa kupigwa hivyo gari linaanza kuelea. Gesi ya shinikizo ndani ya shokapu, ambayo Bilstein waliileta kwenye magari ya kawaida mwaka 1957, iliwekwa kuzuia povu hilo.

Ukikagua, angalia mafuta yaliyotiririka, bushi zilizopasuka, na hasa urefu. Springi ndefu na shokapu ya kiwandani ni ndoa mbaya: shokapu iko karibu na mwisho wa safari yake gari likiwa limesimama tu, na kila shimo inavutwa mpaka inagota. Kinyume chake pia kipo: shokapu ndefu mno huiachia springi icheze kwenye kikalio, au yenyewe hugota chini kabla ya raba za kugotea kufanya kazi. Inyanyue chesisi kwa jeki, magurudumu yaning'inie, utazame kipi kinakaza kwanza. Kikiwa ni mpira wa breki, usiendeshe gari hilo mpaka uwekwe mrefu zaidi.

Jiometri nitaipitia kwa haraka kwa kuwa vitabu vinaitendea haki. Kwenye 80, gari likipanda, mikono inayoshika ekseli ya mbele huizungusha, pembe ya kasta hupungua, na usukani huacha kurudi wenyewe. Dawa yake ni bushi zenye tundu la pembeni, na ukizikuta tayari zimefungwa ujue fundi aliyetangulia alikuwa mtu makini. Fimbo ya Panhard nayo huivuta ekseli upande mmoja. Jambo ninalotaka lisisahaulike ni vali ya breki za nyuma iliyounganishwa na ekseli kwa kijiti, katika Toyota nyingi za aina hii. Vali hupima mzigo kwa ukaribu wa bodi na ekseli. Bodi ikipanda, hudhani gari ni tupu na kupunguza nguvu ya breki za nyuma, hata ukiwa umejaza watu wanane. Kijiti hicho hurekebishwa au huinuliwa kwa kibano, kazi ndogo ambayo wengi hawaifanyi.

Kuhusu kuboresha, msimamo wangu ni huu: milimita 50 zinamtosha karibu kila mtu. Zaidi ya hapo unaanza kununua jiometri, propela, mikono na breki ili urudishe ulichokuwa nacho. Na ukumbuke kupinduka. Uthabiti wa gari hukadiriwa kwa kugawa upana kati ya magurudumu kwa mara mbili ya kimo cha kitovu cha uzito. Gari la upana wa mita 1.6 na kitovu cha sentimita 80 lina 1.0; kipandishe kitovu sentimita 5, inabaki 0.94. Aliyemkwepa punda usiku barabarani hatadharau tofauti hiyo.

Anza basi na mizani. Tafuta mizani ya machimbo ya kokoto au ya ghala la nafaka, pima ekseli ya mbele peke yake, kisha ya nyuma, gari likiwa na mzigo wa safari zako za kawaida, si wa ile safari unayoiota. Springi zichaguliwe kwa namba hizo, shokapu zifuate springi, na pesa ikibana, nunua shokapu nzuri uahirishe tairi kubwa. Karatasi yenye vipimo vya kona nne na uzito wa ekseli mbili iache kwenye droo ya gari, na ukiliuza, mpe mnunuzi pamoja na kadi.