Je, Wajua? Maumivu Yasiyosemwa

Mgonjwa wa demensia anapokaribia mwisho wa maisha, mara nyingi hawezi tena kusema, "Hapa panauma." Maumivu anayo; maneno ndiyo yamempotea. Kwa hiyo wauguzi wa hospisi, yaani huduma ya wagonjwa walio mwishoni mwa maisha, humsoma mwilini: anakunja uso? Anaguna akigeuzwa kitandani? Anausukuma mkono wa anayemwosha, au habembelezeki hata kwa sauti aliyoizoea? Nyumbani dalili hizo hudhaniwa ni ukaidi, au "ndiyo uzee", na mzee akaachwa ateseke bure.

Dawa ipo, tena si ya anasa. Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa Kampala mwaka 1993 na Dkt. Anne Merriman, hutumia mofini ya maji, inayochanganywa kutokana na unga wa mofini na kunywewa nyumbani kwa vipimo. Mwaka 2004 Uganda iliwaruhusu hata wauguzi waliosomea huduma ya hospisi kuiandika dawa hiyo, maana vijijini madaktari ni wachache. Ikitolewa kwa kipimo sahihi, haimharakishii mgonjwa kifo.

Wewe unayemuuguza mzazi, ukiziona dalili hizo mwambie muuguzi au daktari siku hiyo hiyo.