SHIDA NI YA MMOJA, SALA NI YA WENGI

Mwanadamu apatapo shida, jambo la kwanza alitendalo mara nyingi ni kuificha. Mkulima ambaye kahawa yake imeharibiwa na ugonjwa hujitenga na wenzake sokoni. Karani aliyeshindwa kulipa karo ya watoto hupita njia ya nyuma ili asikutane na mwalimu. Mjane hufunga mlango akapiga magoti peke yake. Watu hawa wote humwomba Mungu, wala hakuna awezaye kusema kwamba Mungu hawasikii. Lakini katika nchi ya Nyeri na miji iliyouzunguka Mlima Kenya, mambo yaliyopita yatufundisha neno lipasalo kukumbukwa: sala iliyowainua watu wetu katika taabu kuu ilikuwa sala iliyowashirikisha wengine.

DESTURI YA WAZEE

Kabla ya wamisioni kufika, Wakikuyu walimwomba Ngai chini ya mti wa mugumo, nyuso zao zikiuelekea mlima, ambao wao huuita Kirinyaga. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake Facing Mount Kenya kilichopigwa chapa mwaka 1938, aeleza kwamba mtu mmoja hakumwendea Ngai peke yake kwa haja yake mwenyewe. Katika mambo makubwa ya maisha, yaani kuzaliwa, kutahiriwa, kuoa na kufa, baba wa nyumba ndiye aliyesema kwa niaba ya jamaa yote, nao wakawa pamoja naye. Mtu alipougua alitafutiwa dawa kwanza. Dawa ziliposhindwa, wakaulizwa wahenga; na mwisho kabisa jamaa nzima ikakusanyika kumlilia Ngai kwa ajili ya mwenzao.

Hapa twapata mafundisho mawili. Kwanza, sala haikuwekwa mahali pa dawa. Pili, ugonjwa wa mtu haukuwa siri yake.

Wamisioni wa Consolata waliingia nchi hii mwaka 1902, na wale wa Kanisa la Scotland wakaanza kazi Tumutumu mwaka 1908. Wao walifundisha kwamba hata mtoto au maskini aweza kumwomba Mungu akiwa peke yake chumbani. Fundisho hilo ni jema, na limewafariji wengi. Walakini si vema kulishika kwa namna ya kuisahau desturi ya wazee.

NYAATHA WA GIKONDI

Na tumtazame Sista Irene Stefani, aliyezaliwa Anfo, Italia, mwaka 1891, akafika Kenya mwaka 1915. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza aliwauguza wapagazi Waafrika katika hospitali za Voi, Kilwa, Lindi na Dar es Salaam. Kisha tangu mwaka 1920 alikaa Gikondi, upande wa Mukurweini. Alikuwa mtu wa sala, lakini sala yake haikumfungia ndani. Alikwenda kwa miguu kuvuka mabonde na vilima, akiwatembelea wagonjwa, na wale wasiojua kuandika aliwaandikia barua za kupelekwa kwa ndugu zao walio mbali. Makarani wasomao habari hizi wataelewa jinsi kazi hiyo ilivyo na thamani. Watu wakamwita Nyaatha, maana yake mama mwenye huruma. Alipokuwa akimuuguza mwalimu mmoja mwenye tauni, naye akashikwa na maradhi hayo, akafa tarehe 31 Oktoba, 1930.

Habari zake hazikuishia kaburini. Mwezi wa Januari mwaka 1989, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini Msumbiji, watu zaidi ya mia mbili walizuiliwa kanisani Nipepe, katika jimbo la Niassa, na maji yao yalikuwa yale machache tu ya chombo cha kubatizia. Wakaomba pamoja, wakimtaja Sista Irene awaombee. Na maji yale yakawatosha siku zile zote. Kanisa Katoliki lilichunguza jambo hilo, na mwaka 2014 Papa Francis akalikubali kuwa muujiza. Tarehe 23 Mei, 2015, Sista Irene alitangazwa Mwenye Heri papo hapo Nyeri. Msomaji asiye Mkatoliki aweza kulipima jambo hili kwa imani yake mwenyewe. Lakini na aangalie kwamba waliookoka na kiu ile walikuwa wameomba kwa kinywa kimoja.

SIKU ZA HALI YA HATARI

Turudi nyuma kidogo, hata mwezi wa Oktoba, 1952, Hali ya Hatari ilipotangazwa. Miaka ile jirani alimwogopa jirani. Hata hivyo Wakristo wa Uamsho, ambao habari zao zilitoka Ruanda na kufika Kenya mwaka 1937, hawakuacha kukutana, kutubu mbele ya wenzao na kuombeana. Wengi wao walikataa kula kiapo na kushika silaha, na baadhi yao waliuawa.

Upande wa pili nao uliomba. Wapiganaji msituni waliuelekea Kirinyaga kama baba zao. Na Dedan Kimathi, usiku wa kuamkia tarehe 18 Februari, 1957, siku aliyonyongwa, alimwandikia barua Padre Marino wa Nyeri. Alisema kwamba alikuwa akijiandaa kwa furaha kwenda mbinguni. Kisha akamwomba asaidie mwanawe apate elimu, mama yake mzee atulizwe moyo, na mkewe aliyefungwa Kamiti afarijiwe na masista, kwa kuwa alikuwa mpweke. Mtu aliyebakiwa na saa chache tu alijua kwamba jamaa yake wahitaji sala, na tena wahitaji mtu wa kuwafikia.

TUFANYEJE BASI?

Leo taabu zetu ni za namna nyingine: deni, ulevi wa kijana, mazao yasiyo na bei, ugonjwa wa muda mrefu. Wahenga walisema kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua. Wewe uliye na shida, chagua watu wawili au watatu wenye kutunza siri, uwaambie, muombe pamoja. Na mgonjwa apelekwe hospitali, kama wazee walivyotangulia kutafuta dawa.

Na wewe uambiwaye shida ya mwenzako, usiseme tu, "Nitakuombea," ukapita zako. Ingia nyumbani mwake. Ukiisha kusema Amina, uliza kama kuna kuni na maji, na kama watoto wamekula. Wakikuyu husema kwamba kundi, hata likiwa dogo, ndilo liinualo kinu. Yeye aliyebaki na kinu chake peke yake ndani ya nyumba iliyofungwa, nani atajua kwamba kimemlemea, asipofungua mlango?