Kwa nini mkimbizi hapandi kahawa

Leo tuongee juu ya neno moja linaloleta chuki ndani ya vyama vya wakulima. Chama kinafundisha namna mpya ya kulima. Wenyeji wanaifuata, wakimbizi hawaifuati. Kisha mmoja anasimama na kusema: "Wageni hawa ni wavivu."

Wazee wetu, tungoje kidogo mbele ya kuhukumu. Maharagwe yanavunwa baada ya miezi 3 hivi. Kahawa inadai karibu miaka 3 mbele ya kuzaa, na kakao ni vilevile. Sasa mama aliyekimbia mauaji yaliyoanza upande wa Beni mwezi wa 10 mwaka 2014, ao aliyetoka Kanyabayonga wakati M23 ilipoikamata mwezi wa 6 mwaka 2024, anakodi shamba kwa msimu mmoja. Je, atapanda mti ambao mwingine atauvuna? Tena mara nyingi mwenye shamba mwenyewe anamkataza, kwa sababu kwa desturi anayepanda mti anaonekana kama anayedai udongo. Hata mitaro ya kuzuia mmomonyoko inachimbwa na yule anayejua kwamba mwaka kesho atalima palepale. Mwenye udongo wake akijaribu na kukosea, watoto wake watakula. Wa mkimbizi watalala njaa. Amepiga hesabu, na hesabu yake ni sahihi.

Lakini angalieni mnyauko wa ndizi. Kuuzuia hakudai pesa wala udongo: unaondoa ua dume kwa kijiti chenye panda, na unapitisha panga motoni mbele ya kugusa shina lingine. Hapa kibarua anayelima kwa watu watano ndani ya juma moja ndiye anayeweza kueneza ugonjwa, ao kuukomesha. Chama kikialika wenye mashamba peke yao kwenye mafunzo, kimefundisha bwana na kusahau panga.

Nani anachagua wa kualikwa? Sheria ya OHADA ya tarehe 15 mwezi wa 12 mwaka 2010 juu ya koperative, inayofuatwa kwetu tangu Congo ilipoingia OHADA mwaka 2012, inampa kila mwanachama sauti moja, hata kama mafungu yake ni machache. Na tangu sheria ya familia ilipogeuzwa mwaka 2016, mwanamke aliyeolewa hahitaji tena ruhusa ya bwana yake ili atie sahihi. Mama zetu, hilo msilisahau.

Juu ya udongo, ninawashauri mwandike mapatano ya miaka mitatu ao mitano mbele ya kupanda. Muonyeshe mipaka, bei, na miti itakuwa ya nani siku mkodi atakapoondoka. Muandike wazi kwamba kukodi si kununua. Neno hilo linamtuliza mwenye shamba kuliko hotuba zetu. Shefu wa kijiji na komite ya chama watie sahihi kama mashahidi. Mfanye nakala tatu, na moja ibaki kwa chama, maana mkimbizi akilazimika kukimbia tena, karatasi yake inaweza kupotea njiani.