MBWA MZURI NI YULE ANAYEJUA KUSIMAMA

Na Bwana Mifugo

Katika kijiji kimoja ninachokihudumia, mzee mmoja alikuwa na mbwa wawili wakali. Walilinda shamba lake la mahindi. Nyani waliwaogopa. Majirani walimsifu mzee kwa sababu ya mbwa wake.

Siku moja mbwa hao walikata kamba. Waliingia katika zizi la jirani, mama mjane. Mzee aliwakimbilia huku akiwaita. Hawakusikia. Aliwatupia mawe. Hawakuacha. Alipofika, mbuzi 3 walikuwa wamekufa.

Shauri lilipelekwa kwenye baraza la kijiji. Mzee alilipa mbuzi 3. Lakini maneno hayakuishia hapo. Watu wengine walisema mbwa wote wa kijiji wauawe kwa sumu.

Jioni mzee alikuja kwangu. Akasema, "Bwana Mifugo, nikikosa mbwa, nyani watamaliza mahindi yangu. Nikiwa na mbwa, nitalipa mbuzi za watu. Nifanye nini?"

Nikamwuliza, "Mzee wangu, mbwa wako uliwafundisha lini?"

Mzee akacheka. "Mbwa naye hufundishwa?"

Ndiyo, mbwa hufundishwa. Na somo lake kubwa si kuuma. Kuuma anakujua tangu kuzaliwa. Somo lake kubwa ni kusimama.

MBWA WA KUONYESHA NDEGE

Nilimweleza mzee habari za mbwa wa Ulaya wanaotumiwa kuwinda ndege. Ndege hao wanafanana na kwale wetu. Hujificha katika majani, na mtu hawezi kuwaona. Lakini mbwa huwanusa kutoka mbali.

Mbwa huyo akipata harufu ya ndege, harukii. Husimama kimya. Pua yake huelekea pale ndege alipo. Mara nyingi huinua mguu mmoja wa mbele na kunyoosha mkia. Hapo mwindaji hujua ndege yuko wapi. Zamani, kabla ya bunduki kuenea, mbwa wengine walifundishwa kulala chini wakipata ndege. Wawindaji walikuja na wavu, wakawafunika ndege.

Mwaka 1865 watu wa Uingereza walifanya mashindano ya mbwa hao mahali paitwapo Southill. Huko Marekani mashindano yao makubwa ya taifa yalianza mwaka 1896. Katika mashindano hayo mbwa hutafuta ndege porini kwa muda wa saa 3. Waamuzi hawatafuti mbwa anayekamata ndege. Wanatazama mbwa anayetafuta kwa bidii, kisha akasimama bila kutikisika. Ndege akiruka, mbwa asimkimbize. Bunduki ikilia, mbwa asitoroke.

Sikumweleza mzee habari hizi ili akawinde. Kuwinda wanyama na ndege wa porini bila kibali ni kosa. Nilimweleza ili aone jambo moja. Kama mbwa mwenye njaa ya kuwinda anaweza kusimama mbele ya kwale, mbwa wetu anaweza kusimama mbele ya mbuzi wa jirani.

KUANZA NA MTOTO WA MBWA

Mbwa mzee hufundishika, lakini kwa shida. Ni rahisi kuanza na mtoto wa mbwa. Samaki mkunje angali mbichi.

Usimwondoe mtoto wa mbwa kwa mama yake mapema mno. Mwache mpaka afikishe wiki 8. Chagua mwenye macho safi na mwili mzuri. Asiwe mwoga sana, wala mkorofi sana kwa wenzake.

Ukitaka alinde mbuzi, mlaze karibu na mbuzi tangu siku ya kwanza. Mlishe pale pale zizini. Mtengee kona ambayo mbuzi wakubwa hawatamkanyaga. Atazoea harufu yao, nao watamzoea. Akikua atawaona mbuzi kama ndugu zake. Huko Namibia, tangu mwaka 1994, wafugaji wengi wamepewa mbwa wanaolelewa hivyo ili kuwakinga mbuzi na kondoo dhidi ya duma na wanyama wengine.

Mtoto wa mbwa hupenda kucheza. Akianza kukimbiza wana-mbuzi au kuwauma masikio, mkataze pale pale. Usicheke. Mchezo wa leo ndio msiba wa kesho. Usimwache peke yake na mbuzi malishoni kabla ya kumwamini. Mbwa wengi huhitaji mwaka mmoja na nusu hivi, hata miaka 2, kabla ya kuaminiwa.

MASOMO MATATU

Somo la kwanza ni jina. Mpe jina fupi. Mwite kila unapompa chakula. Baada ya siku chache atajua.

Somo la pili ni "Njoo." Mfunge kamba nyepesi ya mita 5 hadi 10. Mwache aende mbali kidogo. Sema "Njoo," kisha vuta kamba polepole. Akifika, msifu na umpe kipande cha ugali au kichwa cha dagaa. Usimpige hata kidogo mbwa aliyekuja ulipomwita, hata kama alifanya kosa kabla ya hapo. Ukimpiga, atafikiri amepigwa kwa sababu amekuja. Kesho hatakuja.

Somo la tatu ni "Simama." Tembea naye akiwa na kamba. Simama wewe. Sema "Simama" kwa sauti thabiti, bila kelele. Shika kamba asisogee. Akitulia, hata kwa muda mfupi, msifu na umpe kitu. Kesho mfanye atulie muda mrefu zaidi. Akijua vizuri, rudi nyuma hatua 2, kisha 5, kisha 10. Akisogea, mrudishe pale alipokuwa, uanze tena.

Baadaye mpeleke mahali penye kuku, bado akiwa na kamba. Halafu mpeleke penye mbuzi wa watu wengine. Mwisho mpeleke shambani. Usiondoe kamba mpaka uwe na hakika.

Fundisha dakika 10 asubuhi na dakika 10 jioni. Mbwa aliyechoka hajifunzi. Watu wote wa nyumbani watumie maneno yale yale. Baba akisema "Simama," mama akisema "Tulia," na watoto wakisema "Wee," mbwa atachanganyikiwa.

Kumbuka pia kwamba kazi ya mbwa shambani ni kubweka. Asiachwe apigane na nyani. Nyani dume ana meno marefu, naye anaweza kumuua mbwa. Mbwa abweke, watu waje, nyani wakimbie.

MATUNZO

Watu wengi wanadhani mbwa mwenye njaa ndiye mlinzi mzuri. Si kweli. Mbwa mwenye njaa huacha kazi akatafute chakula. Huiba mayai, huingia majikoni, hula mizoga. Mpe ugali wa dona pamoja na dagaa au mabaki ya nyama kila siku. Mpe maji safi. Usimpe mifupa ya kuku iliyopikwa, kwa sababu huvunjika vipande vyenye ncha na kumchoma tumboni.

Mnyama akichinjwa, usimtupie mbwa maini au mapafu yenye vivimbe vya maji. Ndani ya vivimbe hivyo kuna minyoo michanga. Mbwa akiila, itakua tumboni mwake. Mayai ya minyoo hutoka na mavi yake. Mtoto akicheza na mbwa, kisha akala bila kunawa, mayai hayo yanaweza kumwingia. Naye atapata vivimbe ndani ya ini au mapafu. Kwa hiyo choma vivimbe hivyo, au vifukie chini sana mbwa asivifukue. Mpe mbwa dawa ya minyoo kwa wakati. Afisa mifugo atakuambia kipimo chake.

Mkague kupe masikioni na katikati ya vidole. Usimwogeshe kwa dawa ya ng'ombe kwa kukisia. Dawa ikizidi humuua. Uliza kwanza.

Mjengee kibanda cha kumkinga na mvua na jua. Usimwache azurure. Pia wako majirani ambao dini yao inawataka wajitenge na mate ya mbwa. Ujirani mwema ni kumzuia mbwa wako asiingie uani kwao.

KICHAA CHA MBWA

Sasa nawaeleza jambo ambalo sijalisahau. Nilipokuwa darasa la 4, nilikaa dawati moja na rafiki yangu. Siku moja mbwa aliyekuwa akizurura alimwuma mkononi. Kidonda kilikuwa kidogo. Nyumbani walikipaka majani, wakakifunga kitambaa. Kikapona. Tukaendelea kucheza mpira.

Baada ya wiki kadhaa rafiki yangu alipata homa. Mkono ulimwasha pale pale penye kovu. Kisha akaanza kuogopa maji. Akiletewa kikombe, koo lilimbana, akatetemeka. Baada ya siku chache alikufa. Dawati letu likabaki na mtu mmoja.

Huo ndio ugonjwa wa kichaa cha mbwa. Dalili zikishaanza kwa mtu, karibu kila mgonjwa hufa. Lakini kabla ya dalili, ugonjwa huu huzuilika. Mwaka 1885 mtaalamu wa Ufaransa, Louis Pasteur, alimchanja mtoto wa miaka 9 aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa. Mtoto huyo alipona. Chanjo za leo ni bora kuliko ile.

Mtu akiumwa na mbwa, fanya hivi:

1. Osha kidonda mara moja kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka. Osha kwa dakika 15. Usipake majani, jivu wala maji ya betri.

2. Mpeleke zahanati au hospitali siku ile ile, hata kama kidonda ni kidogo. Chanjo hutolewa kwa siku tofauti. Msikose hata siku moja.

3. Toa taarifa kwa afisa mifugo na serikali ya kijiji. Kama mbwa anaweza kufungwa bila hatari, afungwe na atazamwe kwa siku 10. Lakini mgonjwa asisubiri siku hizo. Aende hospitali kwanza.

Mbwa mwenye kichaa hubadilika tabia. Aliyekuwa mpole huuma hovyo. Mwingine hujificha gizani. Sauti hubadilika, mate humtoka, miguu hulegea. Usimkaribie, wala usimguse kwa mikono mitupu akifa.

Mchanje mbwa wako akiwa na umri wa miezi 3, kisha umchanje tena kila mwaka. Tunza kadi yake. Katika kila mbwa 10 wa kijiji, mbwa 7 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Kuwaua mbwa kwa sumu hakumalizi ugonjwa. Mbwa wengine huletwa kutoka vijiji vingine, nao hawajachanjwa. Na sumu haichagui. Huua kuku, na inaweza kumuua mtoto.

MZEE NA MBWA WAKE

Yule mzee alitafuta mtoto wa mbwa. Akampa jina la Watasema, kwa sababu majirani walikuwa bado wanasema. Kila asubuhi alionekana njiani na kamba yake, akitembea na kusimama, akitembea na kusimama. Vijana walimcheka. Walisema mzee anampeleka mbwa shule.

Baada ya miaka 2 nilipita kijijini kwake. Tulikuwa tumesimama shambani wakati mbuzi wa yule mama mjane walipokatiza njia. Watasema aliinua kichwa. Masikio yalisimama. Akapiga hatua moja kuwaelekea.

Mzee hakupiga kelele. Alisema tu, "Simama."

Mbwa akasimama. Mguu mmoja ulikuwa bado juu. Mbuzi wakapita mmoja mmoja. Nyuma yao alikuja yule mama na fimbo yake. Alimtazama mbwa, akamtazama mzee.

"Shemeji," akasema, "huyu akizaa, nami uniwekee mmoja."

Siku ya chanjo iliyofuata, mama huyo alikuja na mtoto wa mbwa. Alikuwa wa pili katika foleni. Wa kwanza alikuwa mzee.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kijijini kwenu, nani anajua idadi ya mbwa waliopo? Wangapi wamechanjwa?

2. Kwa nini hatumpigi mbwa aliyekuja tulipomwita?

3. Mtoto akiumwa na mbwa leo jioni, sabuni iko wapi, na nani atampeleka hospitali?